Maji ya Kunywa Niliyatia Kwenye Rejeta, Nikamsingizia Wifi

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nalisema mapema ili ukisoma usianze kumtafuta mwingine wa kulaumu. Siku ile mimi mwenyewe nilihakikisha mwingine analaumiwa, na ndiyo sababu nakuandikia.

Usishangae nikicheka katikati. Kila nikikumbuka yale mayai hucheka, hata nikiwa kanisani. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna mahali panauma, na nimechoka kupabeba peke yangu.

Mimi ni Mmeru niliyeolewa na Mturkana hapa Isiolo. Nyumbani tulikuwa tukiongea Kiswahili, maana Kiturkana changu kilitosha kuomba chumvi tu. Mume wangu alifanya kazi ya barabara, kambi yao ilihamahama mbali huko, na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikuwa amenunua gari kuukuu, stesheni wagon ya rangi ya maziwa, ambalo mlango mmoja ulifunguliwa kwa nje tu na mwingine haukufunguka kabisa. Akanifundisha kuliendesha.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwanamke kwenye usukani katika mji wetu alikuwa sinema ya bure. Wanaume waliokaa nje ya maduka walinyamaza nikipita, kisha wakaanza kucheka nikishapita. Mmoja aliniuliza kama bwana wangu amekufa.

Aliyenipa moyo ni mama mkwe wangu. Mama yule alikuwa anapenda gari kuliko sisi sote. Alikaa kiti cha mbele na shanga zake shingoni, dirisha wazi, akiwapungia mkono watu asiowajua. Sokoni alikuwa akiwaambia wenzake, "Huyu Mmeru wetu anaendesha kushinda mwanamume. Hii gari inamsikia."

Zile sifa zilinilevya. Sikuwahi kusifiwa hivyo na mtu, hata kwetu.

Halafu asubuhi moja nikaona maji chini ya gari. Alama ndogo, ukubwa wa sahani. Kesho yake ikawa ukubwa wa sinia. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Mborana aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, mtu mpole wa maneno machache. Nitamwita Hirbo, si jina lake. Alilala chini ya gari, akatoka na kidole kimelowa.

"Mama, rejeta imetoboka," akaniambia. "Katundu kadogo, kama ka sindano. Inataka kutolewa ichomelewe."

"Itachukua siku ngapi?"

"Siku nne, tano hivi. Ile risasi ya kuchomelea imeisha, nangoja itoke Nanyuki."

Nikahesabu siku kwa vidole. Jumamosi, siku tatu tu mbele, tulikuwa tunatarajiwa Oldonyiro.

Hapa nikueleze kidogo. Mume wangu alikuwa na dada mdogo anaitwa Akiru, aliyekaa nasi na kunisaidia kushona nguo za wateja. Akiru alikuwa ameposwa na kijana mmoja wa Oldonyiro, Ekai, dereva wa lori la kubeba mifugo. Watu wa Ekai walishakuja kwetu mara mbili. Sasa walikuwa wametuita sisi, upande wa msichana, twende tukaone kwao na tule chakula. Ndiyo mara ya kwanza mama yake Ekai angemkalisha Akiru nyumbani kwake na kumtazama vizuri. Akiru alikuwa hali wala halali. Gauni lake nilikuwa nimelishona mimi, na alilijaribu kila jioni.

Mama mkwe naye alishatangaza sokoni kote kwamba tutaenda na gari, na Mmeru wake ndiye dereva.

Nikamwuliza Hirbo kama hakuna njia nyingine. Akanipa kipande cha sabuni ya kufulia. "Paka hapa kwenye tundu, ushindilie na kidole. Itashika hapa hapa mjini. Lakini safari hapana, mama. Safari hapana."

Alirudia mara mbili, na mimi nilimsikia mara zote mbili.

Nyumbani sikusema neno. Ningeweza kusema. Wangekasirika kidogo, tungetuma ujumbe kwa dereva yeyote anayekwenda upande ule, tungesogeza siku. Hakuna ambaye angekufa. Lakini akilini nilimwona mama mkwe akirudi sokoni na kichwa chini, na wale wa nje ya maduka wakicheka, nikanyamaza. Jumamosi alfajiri nikashindilia sabuni nyingine juu ya ile ya kwanza, nikajaza rejeta mpaka mdomoni, nikafunga boneti.

Akiru alijaza jerikeni ya maji ya kunywa, ile ndogo ya lita kumi, akaiweka nyuma ya gari. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimwona akifunga kifuniko, akakikaza kwa mikono miwili, kisha akakijaribu tena. Naomba ulishike hilo, kwamba nilimwona.

Tukatoka. Mama mkwe mbele, Akiru nyuma na gauni lake limekunjwa kwenye karatasi lisije likachafuka kwa vumbi. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Mama mkwe aliimba. Tulipita wachungaji akawapungia, nao wakapunga.

Kisha nikaona mshale wa geji ya joto unapanda.

Unapanda polepole, kama mtu anayepanda kilima bila haraka. Nikapunguza mwendo, haukushuka. Tulikuwa katikati ya Isiolo na Kipsing, hakuna nyumba, jua limeshaanza kuwa kali. Mshale ulipogusa rangi nyekundu nikasimama karibu na mgunga mmoja wenye kivuli.

"Mbona tumesimama?" mama mkwe akauliza.

"Mama, umekaa sana. Nyoosha miguu kidogo."

Alifurahi kweli. Akamwambia Akiru, unaona mtu mwenye adabu? Wakaenda chini ya mgunga, mama mkwe akajilaza na kanga yake, na kwa sababu wote wawili walikuwa wameamka usiku kujitayarisha, haikuchukua dakika wakawa wamelala.

Nikangoja injini ipoe. Nikafungua kifuniko cha rejeta na kitambaa, pole pole, uso nimeugeuza pembeni kama mume wangu alivyonifundisha. Nikachungulia. Ilikuwa kavu. Sabuni ilikuwa imeyeyuka ikaenda zake.

Maji niliyokuwa nayo ni yale ya jerikeni tu.

Niliyatia. Yakaingia, yakaingia, nikawa nayasikia yanalia ndani humo, mpaka ikabaki kama kikombe kimoja chini ya jerikeni. Nikasimama na kile kikombe kimoja. Ningekiacha, wangeuliza yale mengine yamekwenda wapi. Basi unajua nilifanya nini? Nilikimwaga juu ya gunia lililokuwa nyuma ya gari. Nikailaza jerikeni ubavu, nikalegeza kifuniko, ili ionekane imevuja yenyewe njiani.

Maji ya mwisho ya kunywa ya mama mzima, katika nchi ile kavu, niliyamwaga ili uongo wangu ulowe vizuri.

Walipoamka, mama mkwe akaomba maji. Akiru akaenda nyuma ya gari. Akarudi ameshika jerikeni kwa kidole kimoja, nyepesi kabisa.

"Mama, yamemwagika."

"Yamemwagika vipi? Nani alifunga?"

"Mimi nilifunga, Mama. Nilikaza."

Akanitazama mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Na mimi nikasema maneno matatu tu.

"Labda hukukaza vizuri."

Nikawasha gari.

Kuanzia pale mpaka Kipsing mama mkwe hakunyamaza. Hakuwa mtu mbaya, lakini kiu na jua vilimpa maneno. "Wewe Akiru, unaenda kuolewa mahali maji inatoka mbali, na hujui kufunga jerikeni. Watu watasema sikukufundisha. Watasema mimi ni mama gani." Akiru alijibu mara moja, "Mama, nilikaza," kisha hakujibu tena. Kwenye kioo nilimwona akitazama viganja vyake.

Kipsing wanawake walikuwa wakichota kwenye kisima cha mchanga ndani ya mto mkavu. Walitupa maji, tukanywa mpaka tukapumua. Nikajaza jerikeni, na nikaongeza rejeta pia. Mama mkwe akauliza kwa nini nafungua boneti.

"Gari nayo inasikia kiu, Mama, kwa hili jua."

"Hata yeye," akasema, akaipiga gari makofi kidogo kama ng'ombe. Mambo yangu yote alikuwa anayaamini.

Tuliingia Oldonyiro boneti ikitoa moshi mweupe. Nikasema ni vumbi. Ekai alikuwa amesimama njiani akitungoja, na nilimwona akilitazama lile vumbi langu linavyopanda juu moja kwa moja. Alitusalimu vizuri, akatupeleka kwa mama yake.

Mama Ekai alikuwa mwembamba, mrefu, sauti ya chini. Aliuliza safari ilikuwaje, na mama mkwe wangu, kwa ile hasira ya njiani iliyokuwa haijaisha, akamwambia yote. Jinsi msichana alivyoacha jerikeni wazi. Jinsi tulivyokauka koo. Alisema kama mtu anayetania, lakini alisema.

Mama Ekai akamgeukia Akiru. "Hapa kwetu maji tunafuata mbali, mwanangu," akasema. Basi, hayo tu.

Chakula kilipoletwa, Akiru akainuka kwa heshima achukue jagi atunawishe mikono. Alikuwa amevaa lile gauni. Mama Ekai akanyoosha mkono, akalichukua lile jagi kutoka kwake taratibu, akampa binti wa jirani. "Wewe kaa, pumzika," akamwambia.

Kila mtu pale alielewa. Akiru akakaa. Mimi nikanawa mikono, nikala nyama. Nilikula vizuri, nisikudanganye. Kati ya yote niliyofanya siku ile, ile nyama ndiyo inayonirudia.

Baada ya kula, Ekai akaniambia, "Shemeji, njoo tuangalie gari."

Akafungua boneti. Hakuchukua muda. Akapitisha kidole chini ya rejeta, akakileta kwenye pua, akanionyesha. Kulikuwa na utelezi wa sabuni.

"Hii imepakwa zaidi ya mara moja," akasema.

Nikatazama tairi.

"Na kutoka Isiolo hadi hapa rejeta kama hii inakunywa maji mengi. Lita kumi ni kidogo sana kwake."

Nikaanza kulia. Nikamwomba asiseme. Nikamwambia habari ya Hirbo, ya mama mkwe na sokoni, ya wale wanaume wa nje ya maduka. Alinisikiliza huku akifuta mikono yake.

"Mimi sitasema," akaniambia. "Hii si maneno yangu. Mimi nitatengeneza gari mfike nyumbani. Lakini nataka mayai mawili."

"Mayai?"

"Tunapasua ndani ya rejeta maji ikiwa moto. Yai linaiva, linakwenda lenyewe kwenye tundu, linaziba. Nimefanya hivyo na lori mara nyingi. Mama ako na mayai kwenye kopo la unga, anangoja kumwekea kuku ayaatamie. Hayo hampi mtu. Nenda umwombe."

"Si uende wewe? Ni mama yako."

Akanitazama. "Mama atauliza ni ya nini. Nenda wewe, shemeji."

Nilitembea kutoka kwenye gari mpaka kwenye mlango wa Mama Ekai kama mtu anayepelekwa kortini. Walikuwa wamekaa watatu, mama mkwe, Mama Ekai na Akiru, chai iko motoni inachemka.

"Mama," nikamwambia Mama Ekai, "naomba mayai mawili."

"Hukushiba?"

"Nimeshiba. Ni ya gari."

Mama Ekai akamtazama mama mkwe wangu. Mama mkwe akanitazama mimi. "Gari inakula mayai?" akauliza, na kwa sauti yake nikajua kama gari lake lingekula mayai angeliletea hata kuku.

"Rejeta inavuja, Mama. Mayai yanaziba."

"Imeanza kuvuja leo?"

Pale ndipo njia zilipokuwa mbili. Ningesema leo, na wangeamini. Nikamtazama Akiru, alikuwa anachezea uzi wa gauni lake, hata hasikilizi.

"Imeanza mapema wiki hii. Fundi alinikataza safari. Ile maji ya jerikeni niliiweka mimi kwenye rejeta mkiwa mmelala. Akiru alifunga vizuri. Nilimwona akifunga."

Chai ikafurika, ikazima jiko nusu, hakuna aliyeinuka.

"Na ile gunia iliyolowa?" mama mkwe akauliza polepole.

"Nililowesha mimi."

"Na maji gani?"

"Ile iliyobaki."

Mama mkwe akafunika mdomo na kanga. Nilifikiri atanitukana, na ningestahili. Lakini Akiru ndiye aliyeongea, na hakunitazama mimi, aliitazama mikono yake.

"Wifi, mimi nilikuwa nimeshakuamini," akasema. "Mara ya kwanza nilijua nimekaza. Halafu njiani nikaanza kufikiri. Sasa hivi nilikuwa nimekaa hapa naukumbuka mkono wangu ukiacha kile kifuniko wazi. Nauona kabisa. Kitu ambacho hakikutokea, na nilikuwa nakiona."

Nimesema pole nyingi maishani. Ile ya siku ile ndiyo pekee niliyoisema nikiwa nimepiga magoti kwenye majivu na chai iliyomwagika.

Mama Ekai ndiye aliyetuokoa. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mayai mawili yenye unga. Akampa Akiru, si mimi. "Mpelekee Ekai," akamwambia. Kisha akachukua lile jagi la kunawia, akalijaza, akaliweka mbele ya kiti cha Akiru. "Na ukirudi utatunawisha sisi wote kabla ya chai. Tuanze upya."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mmeru. Nimeona watu wanapikia wageni mayai. Sijaona mgeni anakuja na sufuria ya magurudumu."

Hapo mama mkwe wangu alishindwa. Alianza kucheka chini ya kanga, mabega yanatikisika, shanga zinalia, mpaka machozi yakamtoka. Akiru akajaribu kukaza uso wake, ukamshinda. Na mimi pale magotini nikacheka na kulia pamoja, sura yangu sijui ilikuwaje.

Mayai yalishika. Tulirudi Isiolo jua likiwa bado juu kidogo, mshale umetulia, na gari lote linanuka kama hoteli asubuhi. Mama mkwe alikataa kukaa mbele. Alimweka Akiru kiti cha mbele na kumwambia awapungie watu.

Je, ilinigharimu nini? Mume wangu aliporudi, Hirbo alifungua ile rejeta akatoa mabonge ya yai kwa waya huku wateja wake wote wamesimama kutazama. Rejeta ilikuwa imekufa. Tulitembea kwa miguu miezi kadhaa tukingoja nyingine ya mitumba, na wale wa nje ya maduka walikuwa wakiniuliza kama leo gari limepata kifungua kinywa. Mama mkwe aliendelea kunipenda, lakini sokoni alinyamaza kuhusu udereva wangu, na nilimkosa yule mtangazaji.

Hayo yote yalipita. Akiru aliolewa na Ekai, wana watoto, na nikienda kwao huniandalia mayai na kunitazama nikiyala. Tunacheka mpaka majirani wanachungulia. Lakini nimekaa naye nyumbani kwake, nimemwona akifunga jerikeni, akaondoka, akafika mlangoni, kisha akarudi kukigusa kile kifuniko tena. Miaka yote hiyo. Sijui kama mwenyewe anajua anafanya hivyo. Mimi najua, na najua ni nani aliyempa ile tabia.

Basi wewe unayesoma, kama una gari kuukuu, toka nje asubuhi uangalie chini yake. Ukiona maji, sema nyumbani siku hiyo hiyo, kabla hujapanga safari, kabla hujasifiwa na mtu. Fundi akikwambia safari hapana, baki nyumbani. Aibu ya kubaki inaisha kwa wiki moja.

Na kama umeshamsingizia mtu kitu, mwambie leo, kabla hajaanza kukuamini.